Nafasi ya Kila Mtoto: Fundisho Litokalo kwa Mwalimu wa Judo

Kila mara wanachuo wetu warejeapo kutoka mazoezi ya kufundisha, huketi nao pamoja tukasikiliza waliyoyaona. Wengi husimulia mafanikio, na mafanikio hayo hutufurahisha. Lakini lipo neno moja ambalo halikosi kusikika. Twaambiwa kwamba katika kila darasa wamo watoto wachache "wasiofundishika". Mmoja haoni vizuri maandishi ya ubaoni. Wa pili ni mzito wa kusema. Wa tatu ni msichana aliyezoea kunyamaza. Wa nne alichelewa kuanza shule, sasa ni mrefu kupita wenzake, na kila aulizwapo swali huinamisha uso kwa haya. Wanachuo hutueleza kwa unyofu kwamba dakika za kipindi ni chache na watoto ni wengi, hivyo waliona afadhali waendelee na wale waliokuwa wakifuata somo.

Hatuna nia ya kuwalaumu. Darasa lililojaa si hadithi ya kubuni, na mwalimu aliyesimama mbele ya watoto sabini au themanini anastahili kuhurumiwa kabla ya kukosolewa. Hata hivyo, twaona kuwa neno hilo "hafundishiki" lina hatari kubwa, kwa sababu mwalimu kijana akilizoea katika mwaka wake wa kwanza, atalitumia kwa miaka thelathini ijayo. Maoni yetu ni kwamba mtoto huonekana hafundishiki pale ambapo mwalimu wake ana njia moja tu ya kufundisha. Njia ikizibwa, mwalimu husema mtoto amekwama, kumbe kilichokwama ni somo.

Ili kulieleza jambo hili, twapenda kuchukua mfano kutoka mahali ambapo huenda msomaji hakutazamia: ukumbi wa mazoezi ya judo. Mchezo wa mieleka na mapigano hudhaniwa kuwa mali ya wenye nguvu. Ikiwa hata huko amepata kuwapo mwalimu aliyewafungulia mlango wale waliohesabiwa kuwa dhaifu, sisi wenye kufundisha kusoma na kuhesabu tutakuwa na udhuru gani?

Mwalimu huyo ni Bibi Keiko Fukuda, aliyezaliwa mjini Tokyo, Japani, mwaka 1913. Babu yake, Fukuda Hachinosuke, alikuwa fundi wa jujutsu, ile mieleka ya kale ya Japani, na miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo kijana mmoja aitwaye Kano Jigoro. Kijana huyo alikuwa mdogo wa mwili, na wenzake wenye nguvu walikuwa wakimwonea. Ndiyo maana akatafuta elimu ya kujihami. Mwaka 1882 Kano alianzisha shule yake mwenyewe, iliyoitwa Kodokan, katika chumba cha hekalu moja mjini Tokyo chenye mikeka kumi na miwili tu. Mafunzo yake aliyaita judo, yaani njia ya upole.

Yafaa wanachuo wafahamu kwamba Kano alikuwa mwalimu wa walimu. Kwa vipindi mbalimbali kati ya mwaka 1893 na 1920 alikuwa mkuu wa chuo cha juu cha ualimu mjini Tokyo. Kwa hiyo judo ilipangwa na mtu aliyekuwa akifikiri kila siku juu ya mbinu za kufundisha. Aliweka njia nne: mazoezi huru ya watu wawili, mazoezi ya mtindo uliopangwa, mhadhara, na maswali na majibu. Asiyeelewa kwa mhadhara huenda akaelewa kwa kutenda. Asiyeelewa kwa kutenda huenda akaelewa kwa kuuliza.

Kano alipozeeka hakumsahau mwalimu wake wa kwanza. Alimwalika mjukuu wa mwalimu huyo, Keiko, aje ajifunze, naye akaingia Kodokan mwaka 1935, katika sehemu ya wanawake iliyokuwa imefunguliwa mwaka 1926. Alikuwa msichana aliyelelewa kama walivyolelewa wasichana wengi wa tabaka lake: kuandika kwa brashi, kupanga maua, na adabu za kuandaa chai. Kimo chake hakikufika hata mita moja na nusu. Mtu angemtazama tu, angeweza kusema kwamba huyu katika mieleka hafundishiki. Baada ya miaka miwili alikuwa tayari mkufunzi.

Kano alifariki mwaka 1938. Alikuwa amewataka wanafunzi wake waipeleke judo kote duniani, na Bibi Fukuda aliichukua kauli hiyo kuwa amana. Hakuolewa, kwa kuwa katika desturi ya siku zile ndoa ingemlazimu kuiacha kazi hiyo. Alifundisha Japani, akasafiri Marekani mwaka 1953, na mwaka 1966 akarudi huko na kukaa. Kuanzia mwaka 1967 hadi 1978 alifundisha judo katika chuo cha wanawake cha Mills, mjini Oakland. Pamoja na hayo alianza darasa dogo nyumbani alimokuwa akiishi, mjini San Francisco. Darasa likakua, likahamia ukumbini, likawa chama cha judo cha wanawake. Alifundisha pia katika safari zake huko Australia, Canada, Ufaransa, Norway na Ufilipino. Alipovuka umri wa miaka tisini alikuwa bado akifika ukumbini kusahihisha hatua za wanafunzi wake. Alifariki mwaka 2013, akiwa na umri wa miaka 99.

Hatuyasimulii haya ili kuwafanya wanachuo wamsujudie mtu wa mbali. Twayasimulia kwa sababu katika kazi hiyo ya miaka zaidi ya sabini yamo mafundisho manne ambayo mwalimu wa shule ya msingi anaweza kuyaingiza katika andalio lake la somo kesho asubuhi.

Fundisho la kwanza ni la kuanguka. Anayeanza judo hafundishwi kwanza kumwangusha mwenziwe. Hufundishwa yeye mwenyewe kuanguka: kuinamisha kidevu ili kichwa kisigonge chini, kuupiga mkeka kwa mkono ili kishindo kitawanyike, kisha kuinuka. Zoezi hili hurudiwa hadi hofu itoke. Sababu yake ni rahisi: anayeogopa kuanguka hukakamaa, na aliyekakamaa hajifunzi lolote. Sasa tutazame madarasa yetu. Ni walimu wangapi huanza mwaka kwa kumfundisha mtoto namna ya kukosea? Mtoto akitoa jibu lisilo sahihi, wenzake hucheka, na mara nyingine mwalimu naye hucheka pamoja nao. Tangu saa ile mtoto huyo hukakamaa. Wahenga walisema kwamba kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Lakini methali hiyo haina maana darasani mpaka mwalimu aweke utaratibu wa kuifanya kweli. Akipewa jibu lenye kosa, na aulize: "Umefikaje hapo?" Kisha afuate hatua za mtoto ubaoni hadi mahali kosa lilipozaliwa, na darasa zima litazame bila kicheko. Hapo kosa litakuwa limetumika kama zana ya kufundishia, tena zana isiyogharimu senti moja.

Fundisho la pili ni la mwenzi. Katika judo mtu hawezi kujifunza peke yake. Lazima awepo mwingine wa kumshika na kukubali kuangushwa. Kano aliifanya faida ya pamoja, yaani mimi na mwenzangu kusitawi kwa pamoja, kuwa mojawapo ya nguzo mbili za mafunzo yake. Anayeangusha sasa ndiye atakayeangushwa baadaye, na mwenye nguvu ana wajibu wa kumlinda mwenziwe asiumie. Darasani tuna desturi ya kuwapanga watoto wawili wawili, lakini aghalabu yule mwepesi huandika na yule mzito hutazama. Hiyo si kazi ya wawili. Twashauri kila zoezi la wawili liwe na zamu: wa kwanza atende na wa pili aeleze, kisha wabadilishane. Tena jozi zisiwe za kudumu. Mtoto aliyewekwa na mwenzi mmoja mwaka mzima hujifunza cheo chake kuliko anavyojifunza somo.

Fundisho la tatu ni la njia nyingi kuelekea lengo moja. Bibi Fukuda alijulikana hasa kwa mtindo uitwao Ju-no-kata, ambao yeye na mwanamke mwenziwe waliuonyesha wakati wa Michezo ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964. Katika mtindo huu hatua hufanywa polepole, hakuna anayetupwa chini, na hauhitaji hata vazi maalumu. Hata hivyo kanuni za judo zimo zote: namna ya kuivunja mizani ya mpinzani, namna ya kugeuza nguvu yake, namna ya kusimama imara. Mtu ambaye mwili wake hauwezi kustahimili kutupwa huweza kujifunza kanuni ile ile kwa njia hii. Lengo halikupunguzwa; kilichobadilishwa ni njia.

Mfano mwingine wa jambo hilo hilo waonekana katika judo ya wasioona, iliyoingizwa katika Michezo ya Paralimpiki mwaka 1988 mjini Seoul. Katika judo ya kawaida wapinzani huanza wakiwa mbalimbali, kila mmoja akitafuta kumshika mwenziwe. Kwa wasioona kanuni kuu iliyobadilishwa ni hiyo: huanza wakiwa tayari wameshikana. Kwisha hapo, mapambano huendelea kama kawaida. Badiliko moja dogo, lililowekwa mahali panapofaa, lilitosha kuufungua mchezo mzima. Swali tunalotaka kila mwanachuo alibebe moyoni ni hili: katika somo langu la leo, ni hatua gani moja ambayo nikiibadilisha, mtoto aliyekuwa nje ataingia ndani? Kwa kutoa hesabu, huenda ni kuweka vizibo vya soda mikononi mwa mtoto badala ya tarakimu ubaoni. Kwa asiyeona vizuri, huenda ni kukaa dawati la mbele na mwalimu kuyasoma kwa sauti yale anayoyaandika. Kwa mzito wa kusema, huenda ni kungojewa kwa muda wa pumzi tatu kabla swali halijapelekwa kwa mwingine.

Fundisho la nne ni chungu, nalo lahusu vipimo. Katika Kodokan palikuwa na kanuni kwamba mwanamke hawezi kupanda kupita daraja la tano la mkanda mweusi. Bibi Fukuda alilipata daraja hilo mwaka 1953. Alikaa hapo miaka kumi na tisa, huku akiendelea kufundisha na ujuzi wake ukiongezeka. Ni mwaka 1972, baada ya watu kuandika barua nyingi za kupinga kanuni ile, ndipo yeye na mwanamke mwenziwe mmoja walipopewa daraja la sita. Kodokan ilimpa daraja la tisa mwaka 2006, na mwaka 2011 chama cha judo cha Marekani kikampa daraja la kumi, ambalo ndilo la juu kabisa, akiwa na umri wa miaka 98.

Katika miaka ile kumi na tisa kipimo kilikuwa kikipima nini? Hakikupima ujuzi, kwa kuwa ujuzi ulikuwapo. Kilipima jinsi ya mtu, kisha kikaitwa kipimo cha ujuzi. Na sisi tujiulize ni mara ngapi majaribio yetu hufanya vivyo hivyo. Mtoto mwenye kuandika polepole akipewa dakika ishirini kwa maswali kumi, tunapima kasi ya mkono wake na kuiita hisabati. Mtoto ambaye nyumbani huzungumza lugha nyingine, akipewa swali la sayansi lenye maneno asiyoyajua, tunapima msamiati na kuuita sayansi. Kisha twabandika majina ukutani kwa utaratibu wa nafasi, wa kwanza hadi wa mwisho, na yule wa mwisho huamini kuwa karatasi ile imemweleza yeye ni nani. Kabla ya kutoa jaribio, mwalimu na aulize: swali hili lapima kile nilichokifundisha, au lapima kitu kingine?

Twajua yapo mapingamizi, na si haki kuyapita kimya.

La kwanza ni kwamba Bibi Fukuda alifundisha wanawake peke yao, katika chumba chao. Je, huko si kutenga? Pingamizi hili lina uzito. Sehemu ya wanawake ya Kodokan ilikuwa mlango, kwa sababu bila hiyo wasichana wengi wa siku zile wasingekanyaga mkeka kamwe. Lakini ilikuwa pia ukuta, kwa sababu humo waliwekewa kikomo na kuzuiwa mashindano. Wanawake wa judo walingoja hadi mwaka 1980 kupata mashindano yao ya kwanza ya dunia, mjini New York, na hadi mwaka 1992 kushindania medali katika Olimpiki. Kwa maoni yetu, namna ya kupambanua mlango na ukuta ni kutazama mtu anaelekea wapi. Ukiwakusanya watoto wachache baada ya vipindi ili uwafundishe kusoma, na baada ya majuma kadhaa wakarudi darasani wakisoma pamoja na wengine, umejenga mlango. Ukiwaweka safu ya nyuma mwaka mzima na kuwapa kazi ya kufagia na kuteka maji wakati wengine wanasoma, umejenga ukuta, hata kama umeuita msaada.

Pingamizi la pili ni la idadi. Husemwa kwamba mkufunzi wa judo ana wanafunzi wachache waliokuja kwa hiari yao, hali mwalimu wa shule ya msingi ana umati. Hili nalo ni kweli, na hatutaki kumdanganya mwanachuo kwamba moyo mwema hupunguza idadi ya watoto. Madarasa zaidi yanahitajika, walimu zaidi wanahitajika, na kudai hayo ni wajibu wetu sote. Lakini lipo la kufanya wakati tunangoja. Tuchukue darasa la watoto sabini na watano. Mwalimu anayefundisha vipindi vitano kwa siku katika darasa hilo na achague watoto watatu tu kwa kila kipindi. Majina yao ayaandike katika andalio la somo, katika safu ya matendo ya wanafunzi, na ahakikishe kwamba kabla kengele haijalia amesikia sauti ya kila mmoja wao na kutazama daftari lake. Watatu kwa vipindi vitano ni kumi na watano kwa siku. Kumi na watano kwa siku tano ni sabini na watano. Katika juma moja hakuna mtoto hata mmoja atakayekuwa amepita bila kuonwa na mwalimu wake. Mwenye vipindi vichache atahitaji majuma mawili au matatu, na hapo pia mwisho wa hesabu ni ule ule.

Pingamizi la tatu ni la methali. Huambiwa kuwa vidole vya mkono havilingani. Ni kweli, havilingani, lakini hakuna mtu aliyewahi kukikata kidole chake kidogo kwa sababu hiyo. Jembe hushikwa kwa vidole vyote, na chaki vilevile.

Ndugu wanachuo, punde mtapewa madarasa yenu wenyewe. Mtafunga milango, mtageuka, na mtaona nyuso zikiwatazama. Katika safu ya mwisho atakuwapo mtoto ambaye mwalimu aliyewatangulia amekwisha kuwaambia habari zake: huyu usijisumbue naye. Kumbukeni kwamba maneno ya namna hiyo yangeweza kusemwa juu ya msichana mfupi wa Tokyo aliyejua kupanga maua, na kama Kano angeyasikiliza, maelfu ya watu waliofundishwa naye wasingefundishwa. Mpokeeni mtoto huyo kwa swali moja jepesi siku ya kwanza. Mwacheni akosee. Kisha mwulizeni amefikaje hapo, na mngojee jibu lake.